Krosibo inasumbua? Anza na mshale na upote, skopu iache kwanza

Malalamiko ya krosibo, ule upinde wenye kitako na triga kama bunduki, ni yaleyale kila msimu wa kuwinda ukikaribia. Jana ilikuwa inapiga vizuri leo inapeleka kushoto, nakoki (yaani navuta upote nyuma) haishiki, imelia paa mpaka mkono umekufa ganzi, na karibu kila anayelalamika anakuja akiwa ameshazungusha vifundo vya skopu, ile darubini ya kulengea, mpaka hakumbuki mwanzo vilikuwa wapi. Siwacheki maana na mimi nilishapitia, nilimaliza mchana mzima nakimbizana na skopu kumbe mishale miwili kati ya sita niliyokuwa nayo ilikuwa na noki zimepasuka, hiyo miwili ndiyo ilikuwa inanizungusha akili. Toka siku hiyo nikiona kitu hakiko sawa naangalia mshale kwanza, halafu upote, halafu namna ninavyokoki, skopu inakuja baadaye sana, na triga siifungui hata iweje.

Tuelewane majina kabla hatujafika mbali. Upote ni ule uzi mkuu wa upinde, wengine mnauita ugwe. Uzi wa kati ni ule mwembamba uliozungushwa juu ya upote pale katikati unapogusana na reli. Reli ni njia mshale unapolala. Mabawa ni yale ya mbele yanayojikunja ukivuta. Kemu ni vigurudumu vya kwenye ncha za mabawa, na kebo ni kamba zinazoziunganisha, krosibo za aina ya zamani hazina. Noki ni kile kimkia cha mshale kinachokaa kwenye upote, na chembe ni ncha ya mbele.

Mambo ya kutoyachezea

Ukaguzi wowote unaousoma hapa unafanywa krosibo ikiwa HAIJAKOKIWA na hakuna mshale juu yake, pale itakapolazimu iwe imekokiwa nitasema. Krosibo nyingi za kuwindia zina mvuto wa pauni 150 mpaka 200 na zaidi, hiyo ni kama kilo 68 mpaka 90, sasa fikiria huo uzito unapita juu ya reli kwa kasi na dole gumba lako limechungulia pale juu. Watu wamepoteza vidole hivyo, na sio wageni tu. Mkono wa mbele ukae chini ya reli muda wote, kama krosibo yako ina vibawa vidogo vya kukinga vidole usivikate eti vinakusumbua.

La pili, usifyatue bila mshale, hiyo ndiyo tunaita kupiga hewa. Nguvu iliyotakiwa kuondoka na mshale inarudi kwenye mabawa, kemu na upote, na kitu kimoja kati ya hivyo kitalipa. Tutarudi hapo.

Na ukiona mojawapo ya haya weka chini, usijaribu hata mara moja zaidi: ufa au nyuzi za faiba zilizonyanyuka kwenye bawa, nyuzi za upote zilizokatika, kemu iliyopinda, kebo iliyotoka kwenye njia yake, au triga iliyojifyatua yenyewe. Hapo ni fundi wa pinde, hakuna cha video wala cha kuazima spana kwa jirani.

Dalili: mishale inatawanyika, hakuna kundi

Hii ndiyo kesi namba moja. Unapiga mitatu, mmoja katikati, mmoja kulia, mmoja umeenda zake. Watu wanakimbilia skopu lakini skopu iliyokosewa inapeleka mishale yote mahali pamoja pabaya, haitawanyi. Kutawanya kunatokana na kitu kinachobadilika kila pigo, na kinachobadilika kila pigo ni mshale.

Kwa hiyo andika namba kwenye mishale yako kwa makapeni, moja mpaka sita, piga kila mmoja mara tatu na uandike ulipotua. Kama namba 4 inakwenda kulia kila mara, umeshampata mwizi, hiyo toa kundini. Kisha ikague mishale yote. Angalia noki kama ina ufa, izungushe kidogo uone kama inacheza. Angalia manyoya ya plastiki kama yameachia gundi au yamejikunja kwa sababu ya kulala vibaya kwenye podo. Mshale wa kaboni ushike huku na huku, uukunje kidogo mbali na uso huku unasikiliza, zungusha, kunja tena. Ukisikia mlio wa kukatikakatika au ukaona ufa vunja utupe, usimpe mtu. Kaboni yenye ufa inaweza kupasuka palepale unapofyatua, na vipande vyake ni kama sindano.

Mishale ikiwa safi tazama unavyoiweka. Unyoya mmoja una rangi tofauti na wenzake, huo ndio unaolala kwenye mfereji wa reli, ukiugeuza unyoya mwingine unasugua reli na mshale unaondoka umeshakasirika. Pia usukume mshale nyuma mpaka noki iguse upote kabisa. Hapo pia kuna swali la noki gani: kuna bapa, kuna ya nusu mwezi, kuna zinazobana upote na nyingine zenye mifereji kadhaa. Kijitabu cha krosibo yako kinasema itumie ipi na sio suala la kupenda, noki isiyo yake inaweza kufanya upote upite juu au chini ya mshale na hapo umepiga hewa ukiwa na mshale juu.

Sababu ya pili kwa wingi ni kukoki kombo. Ukivuta upote kwa mikono mitupu mkono mmoja una nguvu kuliko mwingine, upote unashika ukiwa umesogea upande mmoja milimita mbili tatu, basi bawa moja linafanya kazi kuliko jingine na mshale unatoka kando. Milimita hizo ni chache lakini ukifika yadi 20 zinaonekana waziwazi. Chukua makapeni, krosibo ikiwa haijakokiwa weka alama kwenye upote kushoto na kulia palepale unapogusa ukingo wa reli. Koki, halafu angalia, alama zote mbili ziko umbali sawa na reli? Kama haziko sawa ndio jibu lako. Tumia kamba ya kukokia, ile yenye vishikio viwili na ndoano, vuta mikono yote kwa pamoja, mguu umejaa kwenye kikanyagio. Kamba hiyo inapunguza uzito unaousikia karibu nusu na inavuta sawasawa, sijui kwa nini watu wanaiona ni ya wazembe.

Sababu ya tatu ni kuinamisha krosibo pembeni wakati wa kulenga. Bila kujua mtu anailaza kidogo kulia. Kwa yadi 20 huoni sana, kwa 40 inakuumbua. Kuna vipima maji vidogo vya kufunga kwenye skopu, au mwambie mwenzako asimame nyuma yako akutazame.

Ya nne, skrubu zilizolegea. Krosibo inatetemeka kila inapopiga, na skrubu zinaachia taratibu bila kukuaga. Pitia kwa alenkii skrubu za pete za skopu, za kitako, za kikanyagio, na boliti kubwa inayofunga mabawa kwenye mwili. Kaza mpaka ishike, usikaze kama unafunga tairi la lori. Kama kijitabu kimetaja kiwango cha kukaza kwa boliti ya mabawa tumia spana ya kupimia, kama huna mpe fundi, maana boliti hiyo ukiizidishia unapasua sehemu ambayo hutaipata peke yake.

Ukimaliza yote hayo na bado inatawanya, funga krosibo kwenye mifuko ya mchanga juu ya meza, piga tena. Ikitulia tatizo ni wewe, pumua, bonyeza triga polepole usiipokonye. Isipotulia basi inawezekana kemu hazizunguki sambamba tena, na hapo unasimama. Kemu zinarekebishwa kwenye mashine ya kubana upinde, huwezi kwa mikono na usijaribu.

Dalili: kundi zuri, lakini sio ninapolenga

Hii ni habari njema kwa kweli, sasa ndio skopu inapata zamu yake. Kabla hujazungusha kitu shika skopu itikise. Ikisogea hata kidogo kaza pete kwanza.

Anza yadi 10 ujue mshale unagusa shabaha, kisha rudi yadi 20, hiyo ni kama mita 18. Tumia mstari wa juu kabisa au alama ya juu, kwenye skopu nyingi za krosibo hiyo ndiyo ya yadi 20 na zinazofuata chini ni 30, 40, 50. Kosa ninaloliona sana ni mtu analenga kwa msalaba wa katikati kama alivyozoea kwenye bunduki, ndio maana mishale yake yote iko juu na analaumu kiwanda.

Piga mitatu, tafuta katikati ya kundi, sogeza skopu kwa hilo kundi, usisogeze kwa pigo moja moja. Halafu ujue hesabu ya kliki, ile hatua moja ya kifundo cha skopu unapokizungusha. Kama skopu imeandikwa kliki moja ni robo inchi kwa yadi 100, basi kwa yadi 20 ni moja ya tano ya hapo, yaani unahitaji kliki 20 kusogea inchi 1. Watu wanazungusha kliki nne, hawaoni mabadiliko, wanasema skopu imekufa. Haijafa, umeinong'oneza tu.

Ikiwa 20 iko sawa ila 40 iko juu au chini, angalia kama skopu yako ina gurudumu la kasi, lile lenye namba kama 300, 350, 400. Hizo ni futi kwa sekunde na zinatakiwa zilingane na kasi ya mshale WAKO, sio iliyoandikwa kwenye boksi. Ya boksi mara nyingi imepimwa kwa mshale mwepesi kuliko unaoutumia. Piga 20, ikiwa sawa nenda 40, mshale ukitua chini ya alama punguza namba kidogo, ukitua juu ongeza, rudi 20 uhakikishe. Na umbali upime kwa kifaa, usikadirie. Kwa mshale wa futi 350 kwa sekunde, ukidhani mnyama yuko yadi 30 na kumbe yuko 40 umeshuka kama inchi 6, hizo inchi 6 ndizo zinazotenganisha mnyama aliyeanguka pale na mnyama aliyejeruhiwa unayemtafuta mpaka giza linaingia.

Dalili: vyembe vya mazoezi viko sawa, vya kuwindia vinaenda kwingine

Chembe cha mazoezi hakina makali ya pembeni, hewa haikishiki. Chembe cha kuwindia chenye makali yasiyokunjwa ni kama kimefungwa mabawa mbele, kosa lolote dogo la mshale kinalikuza, na kadiri krosibo ilivyo na kasi ndivyo linavyokuzwa.

Angalia uzito kwanza. Kama ulijipima na chembe cha greni 100 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) na sasa umefunga cha 125 umebadilisha mshale mzima. Halafu funga chembe, simamisha mshale kwa ncha juu ya kitu kigumu, uzungushe kwa vidole kama pia. Ukitetemeka chembe hakijakaa wima, kifungue, safisha uzi wa skrubu, kifunge tena au jaribu mshale mwingine. Kama vyote vinazunguka vizuri na bado vinaenda kando lakini kwa kundi moja zuri, rekebisha skopu kwa vyembe vya kuwindia na uache hivyo hivyo msimu mzima. Kuna wanaohamia vyembe vinavyofunguka vikigonga, vinaruka karibu sawa na vya mazoezi, ila ujue kuvifungua kunakula sehemu ya nguvu ya mshale na kuna kitu zaidi cha kuharibika.

Vyembe fungua na ufunge kwa ile spana yake ndogo ya plastiki. Vinakata kama wembe kwa sababu ni wembe.

Dalili: nakoki, upote haushiki (au siwezi kuvuta kabisa)

Haushiki kwa sababu hujaufikisha mwisho, mara nyingi ni hilo tu. Lazima usikie kliki. Kwenye baadhi ya krosibo sefti (kifungio cha usalama cha triga) ikiwa imefungwa tayari upote haushiki mpaka uifungue kwanza, nyingine sefti inajifunga yenyewe ukikoki, soma kijitabu chako maana hapa hazifanani. Kisha tochi, mulika ndani ya nyumba ya triga uone kama kuna mchanga, majani, au nta iliyoganda na vumbi. Puliza hewa, toa kwa brashi laini, basi. Usimimine oili ya injini humo wala dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu, inakusanya uchafu na mwezi ujao uko hapa tena.

Ikishika halafu inaachia yenyewe, acha kabisa. Hiyo ni ndoano iliyolika au springi imechoka, na inaweza kuachia wakati uso wako uko juu yake. Fundi.

Kama tatizo ni kwamba huna nguvu ya kuvuta, hilo ni kosa la siku ya kununua na sio ugonjwa wa krosibo. Watu wanachagua kwa namba ya kasi. Krosibo ya mvuto wa pauni 200 ukiwa umevaa koti zito, mikono ina baridi, umekaa juu ya mti, sio ile uliyoivuta dukani mbele ya watu. Kabla ya kununua ikoki mwenyewe mara tano mfululizo, ya tano ndiyo inakuambia ukweli. Kama mgongo au bega lako lina historia chukua yenye mkono wa kuzungusha, inakoki polepole na inaongeza uzito lakini mtoto wa shule anaiweza. Na ukitumia wa kuzungusha usiuachie njiani, kwenye baadhi mkono unarudi kwa kasi na kupiga kiwiko, mimi najua.

Dalili: nabonyeza triga, kimya

Elekeza mbele kwenye shabaha muda wote, ichukulie kama itapiga sekunde yoyote. Hapa ndipo krosibo imekokiwa na ina mshale kwa hiyo utulivu.

Sefti kwanza, ndiyo, hata wewe mwenye miaka kumi kwenye hili. Ya pili mshale haujafika nyuma. Krosibo nyingi za sasa zina kizuizi cha kupiga hewa, kina kamkono kadogo kanakoguswa na noki, noki isipofika triga haitembei. Funga sefti, sukuma mshale nyuma ukiushika pembeni karibu na chembe, sio kwa kusukuma chembe chenyewe, halafu jaribu. Ya tatu, noki isiyo yake haifikii ule mkono.

Wakati mwingine unasikia tak na upote umesogea sentimita moja ukakwama. Kizuizi kimeudaka. Usiingize kidole, usiingize bisibisi. Toa mshale, chukua kamba ya kukokia, vuta upote nyuma tena mpaka ushike upya, weka mshale mzuri vizuri, piga kwenye shabaha laini. Isiposhika upya ipeleke kwa fundi ikiwa hivyo hivyo, imeelekezwa chini na hakuna mtu mbele, na mpigie simu kabla ili ajue unaleta kitu kilichokokiwa.

Dalili: nimepiga hewa, sasa nifanyeje

Inatokea. Mara nyingi mtu alikuwa anawaonyesha wageni. Wengine pia wamepiga hewa nusunusu bila kujua, wakitumia mshale mwepesi kupita kiasi. Kila krosibo ina uzito wa chini wa mshale, nyingi unakuta kwenye greni 400 hivi au karibu yake, hiyo ni kama gramu 26, hesabu mshale pamoja na chembe. Ukienda chini ya hapo kutafuta kasi unaiua krosibo kidogo kidogo.

Baada ya kupiga hewa usikoki kujaribu kama ni nzima. Chukua kipande cha pamba, kipitishe juu ya mabawa pande zote mbili, taratibu, kingo hasa. Pamba ikinasa kuna nyuzi za faiba zimenyanyuka. Usitumie kidole kwa sababu vijiti vya faiba vikiingia havionekani na vinauma wiki nzima. Angalia kemu kama ziko wima, angalia ekseli zake, angalia kebo zote ziko kwenye njia zake, angalia upote ncha zote mbili na sio katikati tu. Hata ukiona kila kitu kizuri, ya kemu mimi ningeipeleka ikaguliwe kwenye mashine, ufa wa ndani ya bawa hauonekani kwa macho na bawa likipasuka likiwa limevutwa linapasukia kwako.

Dalili: upote umeota manyoya, au uzi wa kati unaachia

Vinyweleo kidogo ni ukavu tu. Paka nta ya pinde kwenye upote na kebo, sugua kwa vidole au kipande cha ngozi mpaka ipate joto na kuingia ndani, futa iliyozidi. Nta isiende kwenye uzi wa kati wala ndani ya triga. Mara ngapi? Ukiona umekavuka paka, kwa anayepiga mfululizo ni kila mapigo kumi na kitu. Mafuta ya reli ni kitu kingine tofauti, tone dogo unalipaka kwa kidole, na baadhi ya viwanda havitaki kabisa uyatumie, kwa hiyo kijitabu tena.

Uzi wa kati ukianza kutawanyika ukaona upote wenyewe ndani, simamisha mapigo. Fundi anauzungushia mpya kwa muda mfupi. Kama unaachia palepale kila mara pitisha pamba au kucha kwenye ukingo wa reli, huenda kuna mkwaruzo unaoukata. Nyuzi za upote zenyewe zikikatika hata mmoja, badilisha wote. Na hata usipoona kitu, miaka miwili mitatu upote umeshavutika na umechoka.

Krosibo isiyo na kemu unaweza kubadilisha upote mwenyewe kwa kamba maalumu ya kuvalishia, ni faida kubwa kwa anayekaa mbali na fundi na ni sababu nzuri ya kuichagua. Yenye kemu ni mashine ya kubana tu. Nimeshaambiwa mara nyingi "kuna njia ya kamba na mti", hiyo njia ipo, na majeraha yake yapo.

Dalili: kelele imeongezeka, mnyama anaruka kabla mshale haujafika

Kelele mpya ni skrubu iliyolegea mpaka ithibitike vinginevyo. Gonga krosibo kwa kiganja, sikiliza nini kinacheza. Kisha tazama vile viraba vinavyopokea upote mbele, vikiliwa au vikiwa mbali sana na upote unasikia mlio mkali. Kisha upote mkavu. Kisha mshale mwepesi, mzito unanyamazisha kuliko kifaa chochote cha kununua.

Ila krosibo kimya kabisa haipo. Mshale wa futi 350 kwa sekunde unakwenda kama mita 107 kwa sekunde, sauti inakwenda mita 340 na ushee. Kwa mita 40 sauti inamfikia mnyama baada ya karibu sekunde 0.12, mshale unakuja karibu 0.4. Ana zaidi ya robo sekunde ya kuinama na kuondoka, na mwenye hofu inamtosha. Dawa yake ni kusogea karibu, mimi zaidi ya yadi 40 sipigi hata shabaha ya mazoezi ikinitii kwa 60.

Dalili: nguvu imepungua, mishale inatua chini kuliko mwaka jana

Upote uliovutika ukarefuka ni sababu ya kawaida. Ya pili ni joto, yaani krosibo iliyokaa ndani ya gari juani, gundi ya mabawa haipendi na upote unalegea. Ya tatu iliachwa imekokiwa usiku kucha. Ya nne umebadilisha mishale au vyembe na umesahau. Angalia hiyo ya nne kwanza, ni ya bure.

Dalili: nimemaliza kuwinda, haijapigwa, sasa naishushaje

Usivute upote kwa mikono ukabonyeza triga, nguvu ile ile iliyokushinda kukoki ndiyo unataka kuizuia kwa vidole. Kama ina mkono wa kuzungusha uliotengenezwa kushusha, fuata kijitabu hatua kwa hatua. Kama haina beba mshale mmoja wa zamani wenye chembe butu, uzito usiwe chini ya kiwango, pigia ardhi laini isiyo na mawe mita chache mbele yako au mfuko wa shabaha. Usitumie mshale wenye chembe cha kuwindia, na ukishautoa ardhini ukague kabla ya kuutumia siku nyingine.

Usitembee wala kupanda mti ikiwa imekokiwa ina mshale. Panda mikono mitupu, halafu uivute juu kwa kamba ikiwa haijakokiwa.

Nimepata ya mkononi, bei nzuri

Uliza kijitabu chake kiko wapi, bila hicho hujui noki, uzito wa mshale wala aina ya upote. Pitisha pamba kwenye mabawa mbele ya muuzaji. Tazama rangi ya reli, iliyokwaruzwa imepigwa sana. Mwambie aikoki YEYE na apige mara tatu, ukiona anasita umeshajibiwa. Weka bajeti ya upote mpya na mishale mipya sita siku hiyohiyo.

Na sheria ujue kabla ya pesa. Uingereza kuua mnyama wa porini kwa krosibo ni kosa japo kuimiliki ukiwa na miaka 18 inaruhusiwa, Kenya uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku 1977, Marekani kila jimbo lina msimu wake, leseni yake na wakati mwingine mvuto wa chini unaotakiwa. Uliza idara ya wanyamapori ya hapo ulipo, sio muuzaji.

Ukienda kwa fundi nenda na krosibo, mishale unayoitumia yote, vyembe vyote na kijitabu, na umwambie ukweli kama ilipiga hewa. Atajua tu akiiweka kwenye mashine, lakini ukimwambia mapema hatasimama mbele ya bawa lililopasuka.